Kadirio la Ijumaa

Hospitali iliyo ng'ambo ya mto Maritsa
inataka programu ya kupanga foleni za wagonjwa,
na bei iwe imefika Ijumaa kabla ya saa sita mchana.
Ognyan ameniwekea kahawa mezani,
kahawa ya hongo, sukari vijiko viwili.
"Zdravka," anasema, "tupe namba tu."

Namba tu.
Kana kwamba huota darini kama ukungu.

Nafungua daftari. Si kompyuta, daftari,
jalada la buluu, kona zimeliwa na miaka kumi na minne.
Humo nimeilaza miradi yetu, kila mmoja na umri wake:
umri ulioahidiwa, na umri uliouishi.
Husemwa yaliyopita si ndwele.
Mimi hugangia yajayo kwa hayo hayo.

Natafuta wa kufanana.
Maktaba ya chuo: azima, rudisha, lipa faini. Saa elfu mbili na mia moja.
Kliniki ya meno ya Bi Penka: viti vitatu, saa mia tisa.
Tiketi za mabasi ya Asenovgrad: saa elfu sita,
na hapo kalamu ilitoboa karatasi.

Najua, mgonjwa si kitabu.
Kitabu kikichelewa hakizimii ukumbini.
Wa kufanana si pacha, ndiyo maana napima umbali:
watumiaji wangapi, skrini ngapi,
kanzidata ya zamani imeoza kiasi gani,
nani ataamka usiku ikianguka.
Kliniki iko karibu. Maktaba, karibu kidogo.
Mabasi yako mbali. Ningependa yawe mbali.

Ningependa.
Neno hilo limefilisi kampuni nyingi kuliko moto.

Nayasoma upya mabasi: wakurugenzi watano,
kila mmoja na rangi yake ya kitufe.
Hospitali ina idara kumi na moja.
Nayavuta mabasi karibu, nayakalisha ubavuni mwangu.

Mwaka ule Lyuben alilala chini ya meza siku tisa,
binti yake akapiga hatua ya kwanza mbele ya jirani.
Daftari halina safu ya hilo.
Mistari niliichora mwenyewe:
saa, pesa, wiki, makosa. Sikuacha nafasi.

Saa sita kasoro dakika kumi naandika: elfu tano na mia nne.
Ognyan anaitazama kama deni la mtu mwingine.
"Kata theluthi. Wale wa Sofia watashuka chini yetu."
"Ikate wewe, kwa mkono wako.
Nitazihifadhi zote mbili."

Anaishika kalamu. Anaendelea kuishika.

Mimi navuta mstari wima pembeni mwa ukurasa,
safu nyembamba, bado haina kichwa.
Lyuben anapita na banitsa ya jibini mkononi,
anauliza leo tunakadiria nini.
"Wewe," namjibu.
Anacheka, anadhani utani,
makombo yanadondoka juu ya namba.