Kipimo cha Mikono

Ungando alikuwa mrefu, wa kuinamia milango.
Mikono ya mkokoteni wake niliipima kifuani pake,
hapahapa Gerezani, mwaka ule wa nondo nyingi:
mbao za mkongo, ekseli ya Pijo,
na rangi nyekundu ubavuni, DENI HALIOZI.

Leo kauleta mwanawe, Mtoro.
"Fundi, unanishinda. Kwenye mteremko unaninyanyua juujuu."
Simama hapa. Kunja kiwiko.
Usijinyooshe; mbao haidanganyiki.

Shubiri moja na vidole vitatu.

Nikatia msumeno. Unga ukatoka mwekundu,
harufu bado mbichi, miaka ishirini baadaye.
Lakini ncha, pale viganja viliposhika,
nyeusi, laini, inateleza kama ukucha.
Msasa hauwezi kazi ile.

Beringi nikapaka grisi, boliti mbili nikabadili.
"Shilingi ngapi?"
Nusu leo, nusu ukipata mzigo.

Vile vipande viwili mama lishe alikwishaviona,
kanyoosha mkono, jiko lake linazimika.
Nikampa kimoja.

Cha pili nikakichonga kabari,
nikakifunga kwa kamba chini ya tenga.
Ukikwama na simenti mpando wa Magomeni,
kiweke nyuma ya gurudumu.
Pumzika.
Atakushikia.