Tanuri Limebadili Kuni

Nazilisha saa moja kasorobo, kabla ya kahawa,
kabla mlinzi wa ghorofa ya tatu hajazima redio yake.
Mchuzi mwekundu kama juisi ya rozela:
sukari, chumvi, vitamini,
na seli zako, Gellért,
zilizotolewa kwenye tezi ya kwapa mwezi Februari,
theluji ikiwa imeziba nusu ya madirisha ya Pécs.
Kikulacho ki nguoni mwako, nasi ndivyo tulivyokuta:
baka jeusi mgongoni, chini ya fulana ya kazi.

Zilikuwa na tabia ya walafi.
Zikila mbio, zikitema asidi,
na ikifika jioni mchuzi umekuwa wa njano.
Njano ilikuwa sauti yao.
Njano: tupo, leteni kingine.

Kisha tukatia dawa.
Siku ya tatu, mwekundu. Siku ya tisa, mwekundu.
Na kule hospitali, picha yako,
iliyokuwa ikiwaka sukari mwili mzima
kama mji uonwao usiku kutoka ndegeni,
ikazimika taa mojamoja.
Piroska, mkeo, akaoka keki ya mbegu za mpopi,
akaikata vipande ishirini na viwili,
hata sisi wa maabara tukapata.
Daktari Orsolya alikula amesimama, akilia.

Mimi ndiye niliyechungulia kwenye lenzi.
Sikutumwa. Nilikuwa nimekosa basi.
Zilikuwapo.
Chache, zimekonda, zimejibanza ukingoni mwa kisahani
kama watu waliosikia mlango ukigongwa usiku.
Hazigusi sukari.
Zinakula mafuta ya majirani waliokufa,
zinalamba glutamini,
na mitokondria, ambazo sote tulizihesabu majivu,
zimepulizwa, zinawaka polepole.
Ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa.
Wekundu haukuwa kifo. Ulikuwa mlo mwingine.

Ukaja mwenyewe, kofia mkononi, ukaomba kuziona.
Nilikueleza vibaya. Nilichora duara, nikachora mishale,
nikasema njia hii tumeifunga, zimepita ile.
Ukanyamaza sana. Kisha ukacheka mpaka ukakohoa.
"Binti, mimi miaka thelathini na mmoja
nimechochea tanuri la mji huu.
Tulichoma makaa ya mawe, mgodi ukafungwa.
Tukachoma gesi, bei ikapanda.
Tukachoma majani makavu ya ngano, marobota kwa marobota.
Hakuna mtoto aliyeoga maji baridi hata siku moja.
Moshi tu ndio uliobadilika harufu.
Nanyi mmefunga ghala la makaa
mkaenda nyumbani kulala?"

Piroska akakuvuta mkono wa koti.
Nikatazama sakafu.

"Na siku ya kubadili?" nikauliza baadaye, kwenye lifti,
kwa kuwa swali lilikataa kukaa kifuani.
Ukafikiri ghorofa mbili nzima.
"Siku hiyo ndiyo mbaya. Huku kumezimwa, kule hakujashika.
Kwa muda wa saa nne, tano hivi, tulitembea kwa ncha za vidole.
Mtu mmoja angefunga valvu moja tu, mji mzima ungeganda."

Daktari Orsolya aliliandika hilo nyuma ya risiti.

Sasa natega saa. Siku ya nne baada ya dawa, au ya tano,
si mapema, si baadaye: tone la pili, la kuyafunga mafuta.
Visahani kumi vimekufa. Viwili vimekataa.
Wewe bado hujapewa; kuna karatasi, kuna kamati, kuna panya kwanza.
Kwapa limevimba tena.

Asubuhi ya leo mchuzi ni mwekundu.
Siku hizi wekundu siufurahii.
Kipande cha keki kimo frijini, kimekauka,
hakuna athubutuye kukitupa.
Naweka kisahani chini ya lenzi,
nazuia pumzi,
nahesabu.