Bawabu Huzaliwa Kila Akiwashwa

Plovdiv, Januari, saa nane na robo usiku.
Radostina kavaa koti ndani ya ofisi,
maana hospitali hupasha joto wodi kwanza,
mafundi watajijua.

Bawabu wa hapa si mtu.
Ni programu, imefungiwa ndani ya kontena,
humuuliza kila ajaye: u nani, na nani akujuaye?
Nywila anaitambua. Kadi za wauguzi, hata.
Ognyan ndiye aliyemwandikia jalizi la kumfunza kadi,
faili moja, nyepesi kama ukucha,
kisha akahamia Lyon, akaacha mistari miwili:
*Itie kwenye folda ya nyongeza. Washa upya.
Kila la heri.*

Akaitia. Akawasha upya.
Bawabu akaamka mweupe,
folda tupu, kadi haijui, Ognyan hamjui.
Akaitia tena.
Mweupe tena.

Simu. Ni Tsvetana, wodi ya watoto:
"Nimegusisha kadi mara tisa.
Kabati la dawa linanikodolea macho tu."
"Tumia nywila."
"Nywila ina herufi kumi na sita, binti,
na mkono wangu mmoja umebeba mtoto anayechemka."

Radostina akahemea kioo cha dirisha,
akaandika kwa kidole jina la faili,
akalitazama likififia.
Ndiyo hii.
Kontena halisahau kwa uzembe,
limeumbwa lisahau.
Ulichokitia ndani yake likiwa hai
linakufa nacho.
Usimfunze aliyekwisha kuzaliwa;
rudi kwenye kiolezo,
kwenye mimba,
umnong'oneze humo.

Akafungua maelezo ya kiolezo, akaongeza mstari:
nakili hii, iweke pale.
Mstari wa pili: jenga, ndipo uwashe.
Akajenga. Likakataa.
Faili ni mali ya mkuu wa mashine,
na bawabu, maskini, ni mtumishi wa kawaida,
chakula kimeandaliwa, kabati limefungwa.
Akabadilisha mwenye mali.
Likakataa tena: toleo la jalizi ni la mwaka juzi.
Akamtukana Ognyan kwa Kibulgaria safi,
matusi ya bibi yake, ya shambani, yenye mbuzi ndani.
Akalitafsiri upya kwa toleo jipya.
Akajenga.

Simu haikulia.
Ukimya wa dakika kumi na moja, radieta ikigonga meno.
Kisha, kwenye daftari la bawabu, mstari mmoja:
Tsvetana, kadi, amekubaliwa.
Saa tisa na dakika hamsini na mbili.

Hapo mwenye akili angelala.
Yeye akaliua kontena kwa makusudi,
akaliwasha jingine,
akasubiri, ngumi mdomoni.

Tsvetana, kadi, amekubaliwa.
Pengine dawa ya pili. Pengine blanketi.

Akaanza kumwandikia barua
fundi atakayekuja baada yake.
Mstari wa tatu, wa nne.
Hakuandika kila la heri.