Mia Nane na Matatu

Bwana Tognetti anataka mstari mmoja tu:
nani kati yetu, Italia au Uturuki,
amelipa zaidi mwaka huu kwa rojo la mbao.
Mstari mmoja, Ornella, na usinipambie.

Naanza na meli moja, maana nchi nzima hainienei mezani.
Imetoka mto Uruguay, tumboni mikaratusi
iliyokatwa, ikapikwa, ikaoshwa hadi ikasahau kijani,
ikabanwa ikawa marobota meupe, kila moja robo tani,
yamekazwa waya kama mzigo wa mtu anayehama bila kuaga.
Mia nane na matatu, ndivyo isemavyo hati ya shehena.
Ilitia nanga hapa Livorno siku mbili,
kisha ikashika njia hadi Derince, kwa Nurcan.

Mti ni ule ule. Mto ni ule ule. Nahodha yule yule mwenye mafua.
Lakini robota kwangu lina bei yake, kwa Nurcan lina nyingine.
Nauli. Bima. Siku za kungoja gatini.
Na lira, asema Nurcan, lira ni barafu kiganjani:
ukiishika uihesabu, umekwisha kuipunguza.
Alilipa asubuhi bei moja, jioni akaandika nyingine,
na zote mbili ni za kweli.
Kila mwamba ngoma huvutia kwake;
dola ndiyo ngozi, na haijapata kuulizwa.

Simu yetu ni ya Alhamisi, baada ya chakula.
Kiingereza chake kibovu, changu kibovu zaidi,
twaelewana kwa tarakimu.
Wiki jana nikamuuliza: rojo lako linakwenda wapi?
Karatasi za mtihani, akasema.
Mwanawe Tuğrul anautaka udaktari,
anatafuna penseli hadi kwenye risasi.
Langu linapakiwa lori kwenda Porcari,
linakuwa leso, linakuwa karatasi za msalani,
na zile shuka za kutupa wanazomtandikia baba wodini,
mpya kila usiku, kila alfajiri zimelowa.
Nilitafuta jedwalini safu ya jambo hilo.
Kuna safu ya uzito. Kuna safu ya thamani.

Na kuna maji. Hili Tognetti hataki kulisikia:
katika kila kilo mia za rojo, kumi ni maji,
ndiyo desturi ya biashara, watu wameitia sahihi.
Kwa hiyo sisi na wao, katika kushindana kununua,
tumenunua pia mto wa watu wengine
na kuuvusha bahari, umekaa kimya ndani ya weupe.
Nilijumlisha maji ya meli ile moja.
Mtaa wetu mzima ungeoga.

Saa kumi na mbili nimepata jibu.
Kwa euro anazidi mmoja, kwa tani anazidi mwingine,
na nilipotaka kugawa kwa vichwa vya watu
taa za ofisi, ambazo hujizima zenyewe
zikidhani hakuna mtu, zikazima.
Nikapunga mkono gizani kuziambia nipo.

Bado meli ile inaniwasha.
Livorno, mia nne na kumi na mawili.
Derince, mia tatu themanini na manane.
Jumlisha utakavyo: mia nane, basi.
Nurcan alicheka, kisha akaungama:
kreni ililiponyosha moja, likapasukia majini,
bandari ikawa uji pale ukingoni,
shakwe wakauonja wakautema.
Hilo ni moja.

Nimempelekea Tognetti mstari wake.
Chini yake, kwa herufi za kuumiza macho,
nikaongeza: marobota mawili hayana nchi.
Akauliza kama huo ni mzaha.
Nikamwambia aje Alhamisi, baada ya chakula,
asikilize simu.