Swali la Kumi na Nne

Nilifika Chikopelo mwezi wa tisa, upepo umeshaanza kuokota mchanga,
kishikwambi cha mradi nimekiviringisha kwenye kitenge
kisiingie vumbi, maana nilitia saini: nikikiharibu, nalipa.
Kaya sitini. Maswali themanini na mawili.
Posho ya siku ningeitaja, ila mama angeisikia akacheka.

Kaya ya tisa ni ya Mbeleje Chilongani.
Anapepeta uwele, hakusimama.
"Kaa hapo kwenye debe," akasema, "upande usio na kutu."
Nikamsomea ridhaa kwa Kiswahili cha ofisini,
kile chenye tai shingoni.
Akatoa dole gumba kabla sijafika nukta.
"Dole hili," akasema, "limesafiri kuniliko."

Swali la kumi na nne: Kaya yako ina ng'ombe wangapi?

Zizini walikuwapo saba, wanacheua.
"Hao si wangu. Hao wa Nhonya, nimewekewa.
Nakamua, samadi natia shambani,
ndama akifa namtuma mtoto na ngozi
mwenyewe akaione kwa macho.
Wangu wawili wako Ibihwa kwa shemeji.
Mmoja Kigwe, alikwenda mwaka ule wa njaa,
sasa pengine ni watatu."

Kishikwambi kilitaka tarakimu.
Nikabonyeza sifuri.
Kikashukuru, kikanipeleka la kumi na tano.

Nakiri hapa, kwa kuwa shairi halina msimamizi:
sifuri ile ni ya kidole changu,
mimi mjukuu wa mtu aliyechunga ng'ombe wa watu wanne
na wake wakilala vijiji vitatu
ili ukame ukija usiwakute mahali pamoja.
Nilijua.
Kule chuoni mlimani nilisomea kutojua,
nikafaulu vizuri.

Ripoti ikatoka mwaka uliofuata, jalada rangi ya zabibu.
Ukurasa wa thelathini na moja: kaya zisizo na mali ya mifugo.
Pembeni, picha ya Mbeleje, mkono umekinga jua.
Jina hana.
Langu lipo kwenye shukrani, wamelikosea herufi.

Nikapanda nayo basi. Hakuna aliyenituma.
Tukakaa godauni la ushirika, wanawake kumi na mmoja
na Malogo fundi baiskeli, aliyefuata kivuli.
Nikasoma, nikigeuza kwa Kigogo changu kilichoota kutu.
Kwenye neno "mali" wakanisimamisha.
Aliyetunga swali ni nani? Ana ng'ombe?
Mbona hakuuliza nani anamdai nani?

Sechelela akaomba chaki.
Akachora duara sakafuni, boma hili, akachora jingine,
akavuta mstari, mwenzake akaufuta akauvuta upya,
mistari ikajaa hadi Malogo akanyanyua miguu.
Ng'ombe, mahari, mbegu za karanga zilizoazimwa,
na ugomvi mmoja wa miaka kumi
uliofufuka palepale, ukatuchelewesha nusu saa.
Nilitaka kupiga picha.
"Ngoja kwanza," wakasema, "tuamue itaonwa na nani."
Wakaamua: isipigwe.
Kwa hiyo ramani sina. Ninayo haya tu.

Halafu Mbeleje, aliyekuwa kimya:
"Na sisi tuna swali.
Maji ya kisima yanaitia chai chumvi,
watoto meno yanageuka rangi ya udongo.
Watu wa chupa wamekuja mara tatu.
Chupa zilikwenda. Majibu yamelala kwa nani?"

Sikuwa na kisanduku cha kutia tiki.
"Liandike," akasema. "Liwe la kwanza.
Na chini yake andika jina la muulizaji."
Nikaandika. Akainama kukagua kila herufi,
kidole kikifuata, midomo ikicheza.

"Haya, na wewe. Kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Nikaanza kuhesabu.
Basi la saa tisa lilipopita likipiga honi
nilikuwa bado kwa mjomba wa kwanza.