Kichwa cha Jumatatu

Murdo alikalia kigoda cha mguu mmoja
miaka kumi na tisa, nyuma ya matuta ya mchanga ya Ayrshire.
Mguu mmoja, ili ukisinzia uanguke wewe
kabla hujaangushwa.
Vifungo vya mbao. Viatu bila misumari.
Mimi nilivuliwa hata pini za nywele pale getini.

Jumamosi na Jumapili miili ilisahau.
Jumatatu yale mafuta, mazito, manjano kama samli,
yalirudi kwa ngozi, kwa pumzi,
na vichwa vikagonga kama vya kuazima.
Wajanja walificha tone kwenye ukingo wa kofia
mwili usipate kusahau.
Murdo aliivaa yake hata mezani.

Jana usiku, saa tisa, akaketi kitandani
rangi ya jivu, jasho la baridi.
"Gunia la mchanga," akasema. "Hapa."

Kijana wa gari la wagonjwa, Lachlan, ndevu changa,
akapima presha, akaipima tena,
kisha, macho sakafuni, akaniuliza kama mzee
amemeza kile kidonge cha bluu cha mambo ya chumbani.
Nikamwambia, mwanangu,
chumba chenyewe tunakitumia kukohoa.

Akampulizia chini ya ulimi. Fyuu, basi.
Nikasoma chupa, herufi ndogo kama chawa,
magoti yakanilegea:
lile jina. Lile lile la rangi nyekundu
juu ya mlango wa kibanda namba saba,
kibanda kilichoondoka na Una Tulloch na wenzake wawili
tukazika viatu.

Dawa ya moto ni moto. Sawa.
Hakuna aliyeniambia ni moto uleule.

Mishipa ikalegea, nadhani, kama mtu
anayefungua mkanda baada ya kushiba;
damu ikapata uchochoro.
"Si kupona, mama," Lachlan alisema. "Tunanunua dakika.
Hospitali wana waya na puto dogo. Wao ndio watazibua."

Garini, chini ya blanketi,
Murdo akashika paji la uso.
"Ishbel, kichwa kinanigonga."
Akacheka kidogo, meno yake yakiwa nyumbani kwenye glasi.
"Leo Jumatatu?"

Ilikuwa Alhamisi.
Nikamwambia ndiyo.