Kizimba cha Kumi na Saba

Julai, Mbeya. Ukungu umeshuka kutoka Loleza
ukalala juu ya bati la maabara.
Nawasha taa ya joto kabla sijanawa,
maana panya weupe hawana blanketi,
wana maranda tu ya msonobari
yaliyokuja na lori kutoka Mafinga
na bado yananukia msitu.

Kazi yangu ni mizani.
Si ile ya washairi, ya silabi na vina;
hii yangu huhesabu gramu.
Namba nne: ishirini na mbili.
Namba tano: ishirini na mbili na nusu.
Namba sita kaongezeka,
na Lusekelo, mwanafunzi wa juzi, akafurahi:
"Huyu anakula vizuri!"
Nikamshika kidole, nikakiweka
ubavuni mwa panya, kushoto, taratibu.
"Hiyo si shibe. Hiyo ni bandama."

Mgeni siku mbili, tumefunzwa,
siku ya tatu mpe jembe.
Huyu tuliyemwingiza kwa sindano
hakungoja kupewa.
Alilitwaa mwenyewe, akashuka kwenye uboho,
akalima usiku, akalima mchana,
akapanda chembe nyeupe zisizojua kukomaa:
shamba limejaa majani,
punje hakuna.

Tone moja la damu kutoka mkiani.
Kioo. Rangi ya zambarau. Darubini.
Dokta Mwasote anahesabu kwa sauti ya chini
kama anayehesabu pesa za rambirambi.

Nyumbani Igawilo mama ametega.
Jana kanasa watatu ghalani, kamtupia paka,
kisha akaniuliza:
"Na huko kazini, mmeua wangapi?"
Nikasema tunawapima.
"Mnawapima nini, unono?"
Mama, nikasema, kuna kirusi,
kikiingia damu inageuka saratani.
Tunatafuta mlango kinaopitia,
ili kwa watu, siku moja, tuukute na kuufunga.
Akageuza ugali, mara mbili, tatu.
"Haya. Ila huyo panya,
kuna aliyemuuliza?"

Jioni hii ni zamu ya namba sita.
Daftari lina safu ya uzito,
safu ya bandama, safu ya tarehe,
na Lusekelo kesha andika tarehe.
Mwongozo umebandikwa ukutani, hatua kumi na moja,
nazijua zote kwa moyo.
Hili halimo:
napasha kwanza viganja vyangu kwenye taa,
vikishapata moto
ndipo namwinua.